Nilivyopita mizani ya Mariakani na nusu ya nyumba yangu

Nilipohama Mikindani kwenda Voi nilikodi lori dogo aina ya Canter, nikaendesha mwenyewe. Leseni yangu ina C1, daraja la malori madogo, dereva wa nini? Jirani akanitia homa: "Na pale Mariakani, kwenye mizani ya malori, wapitaje, bwana? Gari hilo ni la tani tatu. Kilo moja ikizidi, litalala palepale." Mwingine akaniambia nikate njia ya panya usiku. Wa tatu aliapa kwamba vyombo vya nyumbani havipimwi.

Mimi nikatumia akili. Nikaazima mizani ya ndoana kwa muuza makaa, nikaitundika kwenye mwarobaini wa uani. Magodoro yalikwenda vizuri. Friji likaning'inia likizunguka polepole kama mbuzi wa buchani, watoto wa mtaa wamejipanga ukutani wakishangilia kila nikisoma namba. Ilipofika zamu ya kabati la mvule, zawadi ya mama mkwe, tawi likalia kwaa! Kabati lilipona, ila mlango mmoja haufungi hadi leo, na mama mkwe akija huwa nauegemea.

Hesabu nikaiandika kwenye boksi la sabuni: vitu, jumlisha uzito wa gari lenyewe. Tani tatu zikapita mbali. Basi makochi, kinu na kitanda vikabaki. Mke wangu hakusema neno, nami nikajidanganya kwamba ameridhika.

Mariakani nikapanga foleni na malori ya makontena. Kumbe sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 haiulizi umebeba nini: gari la kuanzia tani 3.5, lenyewe pamoja na mzigo, linapimwa, liwe la simiti au la mito. Na hupimwa ekseli kwa ekseli, yaani kila mhimili wa magurudumu peke yake: ya mbele mwisho tani 8, ya nyuma yenye tairi pacha tani 10. (Nenda polepole, na usikanyage breki ghafla, uzito utalalia mbele. Nilikanyaga, nikarudishwa.) Yangu zote mbili pamoja hazikufika hata tani tano. Karani akaangalia kioo cha namba za mizani, akaniangalia mimi: "Mzee, kwani umebeba hewa?"

Zile tani tatu za jirani ni uwezo wa Canter kubeba, gari lenyewe halimo. Ziheshimu kwa ajili ya breki zako.

Makochi na kitanda vilifuata wiki ya pili kwa pikapu, elfu kumi na ushei. Kinu kilianguka mahali kati ya Mackinnon Road na Maungu. Hapo ndipo mke wangu alipoanza kusema.