Kumbukumbu ya mradi wangu: Sticke, bia ya majira ya baridi ya Düsseldorf

Mradi huu ulianza na swali moja: je, bia za Düsseldorf zinazotolewa kwa siku chache tu za majira ya baridi zina tofauti ya kweli na zile zinazonywewa mwaka mzima, au ni bia ileile iliyoongezewa kilevi na kufanyiwa sherehe? Kwa kuwa ninaishi katika bonde la mto Rhine, karibu na mji mkongwe wa Düsseldorf nchini Ujerumani, niliamua kuzifuatilia bia hizo kuanzia Novemba, nikiandika rangi, povu, harufu, ladha na kiwango cha joto cha kila glasi niliyoionja. Sehemu hii inahusu zaidi Sticke ya kiwanda cha Uerige, kwa sababu ndiyo iliyonipa mengi ya kuandika.

Kabla ya kufika kwenye glasi, inafaa nieleze bia hizi ni za namna gani, kwa kuwa wengi wetu tunaposikia bia ya Kijerumani tunafikiria lager. Kilimanjaro, Safari na Tusker zote ni lager: hamira yake hufanya kazi kwenye baridi na mwishowe hutuama chini ya tangi. Utengenezaji huo ulistawi Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, ukaenea kwa kasi katika karne ya 19, hasa baada ya mashine za kupozea, zikiwemo zile alizozibuni Carl von Linde katika miaka ya 1870, kuwezesha viwanda kupata baridi hata wakati wa kiangazi. Düsseldorf na jirani yake Köln zilibaki na hamira ya zamani, ile inayochachusha kwenye joto la kati ya nyuzi 15 na 20 hivi na kupanda juu pamoja na povu, kama zilivyo ale za Uingereza. Hata hivyo Wajerumani wa Rhine wana hatua ya ziada: uchachushaji ukiisha, bia huhifadhiwa kwa wiki kadhaa kwenye baridi kali, na huko hutulia na kutakata. Ndiyo maana Altbier, au Alt kwa kifupi, bia ya kahawia ya Düsseldorf, ni ale kwa hamira yake, lakini mdomoni ina unadhifu wa lager.

Uerige ipo Berger Straße tangu mwaka 1862, na hadi leo bia hupikwa katika jengo lilelile ambamo hunywewa. Alt yake ya kila siku ina kilevi cha asilimia 4.7, Sticke ina asilimia 6. Tofauti hiyo inatokana na kimea kingi zaidi, na hopsi, yaani maua machungu yenye harufu yanayotiwa kwenye bia, nazo huongezwa ili utamu usizidi. Jambo lililonivutia kuliko asilimia zenyewe ni kwamba hopsi nyingine hutiwa wakati bia ikiwa imehifadhiwa kwenye baridi, baada ya kupikwa na kuchacha. Hopsi inayochemshwa hutoa uchungu, kwa kuwa moto hubadilisha asidi zake zikayeyuka kwenye maji ya kimea. Lakini moto huohuo hufukuza mafuta yenye harufu. Inayotiwa kwenye baridi hufanya kinyume chake: haiongezi uchungu mwingi, ila harufu yake hubaki ndani ya bia.

Sticke hutolewa mara mbili kwa mwaka, Jumanne ya tatu ya Januari na Jumanne ya tatu ya Oktoba. Husimuliwa kwamba hapo kale ilikuwa zawadi ya mpishi wa bia kwa wateja wa kudumu, na kwamba habari zake zilipitishwa kwa kunong'onezana. Siku hizi tarehe hutangazwa waziwazi, na kwa maoni yangu hakuna kilichopotea kwa kutangazwa huko, isipokuwa nafasi ya kusimama.

Novemba na Desemba

Miezi hii miwili niliitumia kuuzoesha ulimi. Kiwanda cha Schumacher cha Oststraße, kilichoanzishwa mwaka 1838, hutoa bia yake ya msimu, iitwayo Latzenbier, Alhamisi ya tatu ya Novemba, mbali na zile za Machi na Septemba. Niliiona ni laini, yenye utamu wa kimea uliotangulia mbele na uchungu uliokaa nyuma kwa adabu. Ni bia ya kumpendeza mgeni. Kiwanda cha Füchschen cha Ratinger Straße nacho huwa na bia ya Krismasi, na asubuhi ya tarehe 24 Desemba barabara hiyo hujaa watu wanaokunywa wakiwa wamesimama, kabla hawajarudi nyumbani kuwasha mishumaa na familia zao. Kwa msongamano ule sikuweza kuandika la maana zaidi ya kwamba bia ilikuwa na harufu ya karanga na rangi iliyokolea kidogo kuliko Alt ya kawaida ya hapohapo. Chupa niliyoionja baadaye kwa utulivu ilithibitisha karanga, lakini haikuwa na jambo jipya la kuongeza.

Jambo moja la manufaa nililolipata katika miezi hiyo ni kipimo. Kila mara nilianza na glasi ya Alt ya kawaida ya kiwanda husika kabla ya kugusa ile ya msimu. Bila kufanya hivyo ulimi hauna pa kuanzia, na bia yoyote yenye kilevi kingi itaonekana bora kwa sababu tu imejaa mdomoni.

Januari

Jumanne ya Sticke nilifika Uerige alasiri, mapema kabla watu hawajatoka kazini, na tayari nje ya mlango meza ndefu za kusimamia zilikuwa zimezungukwa na watu waliovaa makoti mazito. Bia hutolewa kwenye mapipa ya mbao yanayowekwa juu ya kaunta. Bomba hugongwa kwa nyundo hadi likazame kwenye tundu la pipa, na bia hutiririka kwa uzito wake yenyewe, bila kusukumwa na gesi. Glasi ni fupi, nyembamba, iliyonyooka, ya robo lita. Wageni hulalamika kwamba ni ndogo, nami nadhani wanakosea. Bia inayotoka kwenye pipa la namna hii haina gesi nyingi tangu mwanzo, na ikiachwa kwenye glasi kubwa, nusu ya pili hunywewa ikiwa imepoa ladha. Robo lita huisha ikiwa bado hai. Mhudumu, ambaye huku huitwa Köbes, haulizi kama unataka nyingine. Huiweka glasi mpya mbele yako, hupiga mstari wa penseli kwenye kadi nene iliyo chini ya glasi, kisha huondoka zake. Ukitaka kusimama, unaifunika glasi kwa kadi hiyo.

Haya ndiyo niliyoyaandika. Rangi ni shaba iliyokolea inayoelekea kahawia, na glasi ikishikwa mbele ya taa wekundu hujitokeza pembeni. Povu lilikuwa zito, la rangi ya malai, na kila nilipopiga funda liliacha pete kwenye ukuta wa glasi, hata ungeweza kuhesabu mafunda kwa kuzitazama pete. Harufu ya kwanza ilikuwa ya hopsi, si ya kimea: majani makavu, pilipili manga kidogo, na udongo kwa mbali. Kimea kilifuata baadaye, kikiwa na harufu ya ganda la mkate uliookwa ukaiva sana.

Mdomoni mpangilio ulikuwa mwingine. Funda lilianza kwa sukari guru iliyoungua kidogo na karanga za kukaanga, likapanuka hadi nikadhani litaishia kwenye utamu, kisha uchungu ukaingia kutoka nyuma na kuukata utamu huo kabisa. Mtu aliyekunywa mbege iliyotiwa gome la msesewa wa kutosha, namna wazee wa kwetu Kilimanjaro wanavyoipenda, atauelewa uchungu huu upesi: hauumi unapoingia, bali hukaa kwenye shina la ulimi baada ya kumeza na kukufanya utake funda jingine. Kilevi hakikusikika waziwazi. Nilikitambua kwa joto lililopanda kifuani nilipokuwa nimesimama kwenye upepo, wala si kwa ladha.

Hapo ndipo nilipopata sehemu ya jibu la swali langu. Alt ya kawaida ya Uerige, niliyokuwa nimeinywa muda mfupi kabla, tayari ni chungu kupita bia nyingi za Kijerumani. Laiti Sticke ingeongezewa kimea peke yake, ingekuwa nzito na tamu, na laiti ingeongezewa hopsi peke yake, ingekuwa kali bila mwili. Mpishi amezinyanyua zote mbili kwa pamoja, kisha akaiongeza harufu ile ya hopsi ya kwenye baridi, ambayo Alt ya kila siku haina. Kwa hiyo tofauti ipo, na haipo kwenye kilevi. Ipo puani.

Kuna jambo jingine la kiwanda hiki linalostahili kutajwa, ingawa siwezi kudai kwamba nimelionja. Uerige bado hupoza maji ya kimea kwa njia ya kale. Yakitoka jikoni, humwagwa kwenye sinia kubwa, pana na la kina kifupi, lililo juu karibu na paa, ambamo mvuke huondoka na mashapo hutuama. Kisha hutiririka juu ya mabomba yenye maji baridi hadi yafikie joto ambalo hamira hulistahimili. Katika kutiririka huko hukutana na hewa, na hamira huihitaji oksijeni hiyo mwanzoni mwa kazi yake. Viwanda vingi viliacha njia hii vikahamia kwenye mitambo iliyofungwa, ambayo ni rahisi kusafisha na haitegemei hali ya hewa.

Chupa nyumbani

Nilirudi na chupa za Sticke, zile za mililita 330 zenye kifuniko kinachobanwa kwa waya, ili nijaribu jambo ambalo haliwezekani katika umati: joto. Niliionja ikiwa imetoka kwenye friji, kwenye nyuzi 4 hivi, nikaiacha ipande hadi 9, kisha hadi 15.

Kwenye nyuzi 4 bia ilifunga. Harufu karibu yote ilipotea, kwa sababu viini vya harufu haviruki vizuri kwenye baridi, na uchungu ukabaki peke yake, mkavu, hauna wa kumshika mkono. Mtu akiionja hivyo tu ataiandika kuwa bia kali isiyo na kitu kingine. Ilipofika nyuzi 9 ilifunguka: mkate, karanga na hopsi vikarudi kwa mpangilio uleule wa kwenye pipa. Kwenye 15 utamu ulipiga hatua mbele, zabibu kavu zikajitokeza ambazo sikuwa nimeziona kabla, lakini kilevi nacho kikaanza kusikika na uchungu ukarudi nyuma. Ningependekeza nyuzi 8 hadi 10, yaani kuitoa kwenye friji mapema na kuiacha juu ya meza kwa muda, na kutoigusa friji kabisa kama nyumba ina stoo yenye ubaridi.

Chupa ina gesi nyingi kuliko pipa, na hilo hubadilisha mdomo mzima. Vipovu vikali huusukuma uchungu mbele na kuufanya mwili uonekane mwembamba. Nilipoimimina kwa nguvu, kutoka juu, na kulisubiri povu lishuke kabla ya kujaza tena, sehemu ya gesi ilitoka na bia ikakaribia zaidi ile ya Januari. Haikufanana nayo kabisa. Ulaini wa pipa sikuupata kwa namna yoyote, na sidhani kwamba chupa inaweza kuutoa.

DoppelSticke na Aventinus

Ili kujua Sticke inasimama wapi, niliiweka kati ya bia mbili zenye nguvu zaidi. DoppelSticke ya kiwanda hichohicho ina kilevi cha asilimia 8.5, na hapa mizani niliyoisifu huanza kuelemea upande mmoja: kimea ni kizito, tende na karameli zimejaa, hopsi ipo lakini inafanya kazi ya kuzuia badala ya kuongoza. Ni nzuri kwa glasi moja ndogo baada ya chakula. Sikutaka ya pili.

Aventinus ya kiwanda cha Schneider cha Kelheim, Bavaria, yenye asilimia 8.2, imetengenezwa tangu mwaka 1907, na hupatikana mwaka mzima ingawa watu wengi huifikia baridi inapoingia. Nayo huchachushwa na hamira ya kupanda juu, lakini kimea chake kingi ni cha ngano, na hamira yenyewe hutoa ndizi mbivu na karafuu kwa wingi kiasi kwamba harufu hufika kabla glasi haijagusa mdomo. Kuzionja mbili hizi kwa jioni moja kulinisaidia kuona kwamba hamira ya aina hii hailazimishi ladha ya matunda. Ile ya Düsseldorf hufanya kazi yake kimya na kuuachia kimea na hopsi uwanja, na baridi ya hifadhi humalizia usafi.

Hatua inayofuata

Chupa chache za Januari nimezihifadhi mahali penye giza na ubaridi hadi Jumanne ya tatu ya Oktoba, nitakapoweza kuziweka kando ya Sticke mpya. Ninatarajia harufu ya hopsi iwe ya kwanza kufifia, kwa kuwa mafuta yale hayadumu, huku utamu wa kimea ukielekea kwenye zabibu kavu nilizozigusa kwenye nyuzi 15. Nitazionja zote kwenye nyuzi 9, zikiwa zimemiminwa kwa namna moja, nikianza tena na Alt ya kawaida.