Sio mvivu, ana usingizi

Mtoto wa dada yangu ninayekaa nae hapa Nkuhungu yuko form two, shule iko upande wa pili wa mji, kwa hiyo saa kumi na nusu alfajiri yuko macho ili awahi daladala kabla makonda hawajaanza kuwakimbia wanafunzi, maana akichelewa namba ni fimbo. Jioni tuisheni, akirudi vyombo, homuweki, na simu kidogo (tusidanganyane, simu ipo), kulala ni saa tano usiku. Piga hesabu, hata masaa sita hayafiki, wakati madaktari wa usingizi Marekani walishasema tangu 2016 kwamba wa miaka 13 mpaka 18 alale masaa 8 mpaka 10.

Halafu ripoti inakuja imeandikwa mvivu, anasinzia darasani. Nikafungua daftari lake la Baiolojia, mistari ya juu mwandiko safi kabisa, kushuka kidogo herufi zinalegea, mwisho ni wino tu umeburuzika mpaka pembeni ya ukurasa. Hapo unategemea akumbuke nini? Na ya mchana ubongo unayapanga vizuri ukiwa umelala, sasa huyu analala saa ngapi?

Na vile anavyonuna siku hizi! Juzi kaangua kilio kisa sukari imeisha. Majirani wanasema ni ujana, sawa, ila mtu asiyelala hasira na huzuni zinamshinda kuzizuia, hata mimi mtu mzima nikikesha msibani kesho yake msinisogelee.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ukimwambia alale saa mbili atabaki anahesabu mabati tu, kwa sababu wakishabalehe melatonini, ile homoni ya usingizi, inachelewa kutoka, mwili wenyewe unausogeza usingizi mbele. California wameweka mpaka sheria, tangu 2022 high school zao nyingi haziruhusiwi kuanza kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Huku kwetu saa hizo watoto wameshafagia uwanja, wamepanga paredi na kipindi cha kwanza kimeisha.

Bibi yake kule Kondoa nilipomwelezea akasema wao walikuwa wanaamka jogoo la kwanza na hawakufa. Nikamwambia mama, nyie saa mbili usiku mlikuwa mshakoroma, umeme wenyewe haukuwepo. Akacheka, akasema basi Jumamosi muacheni alale.

Jumamosi ana tuisheni ya Hesabu, saa moja asubuhi.