Swichi ya chaneli ya kwanza

Niko mwaka wa pili wa diploma ya utangazaji wa TV hapa Dar, na kila nikirudi nyumbani swali ni lile lile, utaanza lini kusoma taarifa ya habari tukuone? Siwalaumu maana na mimi ndicho kilichonipeleka. Nimekua nakaa kwenye mkeka saa mbili usiku, bibi kanyamazisha nyumba nzima, hakuna kuongea mpaka wafike kwenye michezo, na mimi kichwani najiona pale mezani na koti langu. Basi siku ya kwanza chuo nikaenda nimesuka vizuri nikijua ni kamera tu, kumbe tunaanza na waya. Wiki nzima kukunja waya wa maiki, mzunguko mmoja juu, mmoja unaugeuza chini, ili usijisokote na kukatika kwa ndani. Baada ya hapo taa. Umeme wetu ni hezi 50, yaani unajirudia mara 50 kwa sekunde, na picha zinakwenda fremu 25 kwa sekunde, kwahiyo ukiweka shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha, 1/60 ya sekunde chini ya taa za tyubu picha inapepesa vibaya mno, weka 1/50 inatulia. Haya mambo nimeyapenda kuliko nilivyotegemea.

Darasani tuko mchanganyiko. Kanuni zilizokuja 2017 kufuatia Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 zilitaka mwandishi awe na diploma angalau, kwahiyo kuna makaka na madada ambao redio wameifanya miaka na miaka ndio wamerudi kukaa na sisi watoto. Hao wamenifundisha sana. Kuandika kwa mfano, mimi nilikuwa naandika kama gazeti, sentensi moja mistari minne, kaka mmoja akaniambia isome kwa sauti, nikaishiwa pumzi katikati. Toka siku hiyo napima, nikisoma habari ya Kiswahili kwa mwendo wangu ni kama maneno mawili kwa sekunde, maana maneno yetu ni marefu, "yaliyosababishwa" peke yake imeshakula sekunde. Picha ikiwa na sekunde 20 najua nina maneno arobaini, na hapo uache nafasi picha nayo iongee.

Sasa niwaambie ya Feri, ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Tulipewa kazi ya kutengeneza habari ya dakika mbili, mtu mmoja mmoja, unashuti, unahoji, unaandika, unaediti mwenyewe. Nikachagua wale kina mama wanaokaanga samaki pale soko la samaki Feri. Nilifika alfajiri mnada umechangamka, wanadi wanapiga kelele za bei, pantoni la Kigamboni linapiga honi, moshi wa kuni umetanda, yaani kila ukigeuza kamera kuna picha. Nikamuamkia mama mmoja, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikajieleza, akakubali ila akasema kazi yake haisimami. Nikamvalisha kimaiki kwenye kanga, nikasimamisha tripodi, nikauliza.

Yule mama aliongea sijawahi kusikia. Hakuniangalia hata, macho kwenye kaango, anageuza vibua huku anaeleza alivyoanza biashara wiki ya arobaini ya mume wake, kwamba mara ya kwanza alinunua samaki akawa hajui hata bei ikishapigwa unaitikia vipi, akasimama tu analia, na mwanamke mwenzie asiyemjua akamnunulia. Halafu akanyamaza, yanasikika mafuta tu yanachemka, akasema "huyo ndiye huyo amekaa pale". Nikageuza kamera nikampata yule mwingine anapuliza moto.

Nimerudi chuo nimeweka kadi kwenye kompyuta, nasikia upepo. Upepo na mnada. Swichi ya chaneli ya kwanza ya sauti kwenye kamera ilikuwa imekaa INT badala ya EXT, yaani kamera ilikuwa inachukua sauti kwa maiki yake yenyewe ya pale juu na kile kimaiki nilichomvalisha hakikuingia kabisa. Hedifoni zilikuwa kwenye begi, sikuzivaa, niliona zitanichafulia nywele. Nililia, sioni aibu kusema, na sikulilia maksi.

Keshokutwa yake nikarudi. Mama akanipokea vizuri tu, ila safari hii alikuwa amejiandaa, kanga mpya, kaango kalitua pembeni, kakaa akaangalia kamera. Nikauliza lile lile swali, akajibu "sisi wajasiriamali wadogo tunaiomba serikali ituangalie kwa jicho la huruma". Sauti safi kabisa. Nilijaribu kumzungusha, mama nihadithie ile siku ya kwanza ulivyokuja, akasema ah mwanangu yale nilikuwa naongea tu. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Ana haki ya kusema serikali imuangalie, lakini amejifunza kutoka kwetu sisi wa TV kwamba mtu kama yeye akiwekewa maiki hiyo ndiyo sentensi yake, na maisha yake yote yale anayaita kuongea tu!!

Nilichofanya, sikumtumia akiwa amekaa. Nikamuomba arudi kwenye kaango afanye kazi, nikakaa kama saa nzima narekodi mafuta, kuni, sarafu zinavyodondoka kwenye kopo, wote wawili wanavyotaniana. Ile habari ya wiki ya arobaini nikaisimulia mimi kwa sauti yangu baada ya kumuomba ruhusa, na pale aliponyamaza siku ya kwanza nikaacha sekunde sita za mafuta bila neno. Mwalimu alisema sekunde sita ni nyingi. Nimeziacha.

Jumamosi nikampelekea kwenye simu. Aliiangalia kasimama, mkono mmoja una unga, ilipofika kwenye ule ukimya akamwita mwenzie, njoo, akairudisha mwanzo wakaangalia wote, na hakuna aliyeongea mpaka ikaisha. Halafu akaniuliza kama naweza kuirusha kwenye simu ya mwanae aliyeko Mwanza.