Utando wa wanga wa muhogo: usiupime siku ya kwanza

Utando wa wanga ni uji wa wanga uliokaushwa ukawa kama karatasi ya plastiki. Ukiubandua kwenye sinia, hukunjika kama kitambaa, na wengi huona kazi imekwisha. Subiri wiki tatu. Minyororo ya wanga, yaani molekuli zake ndefu, hujipanga upya taratibu na kubanana, na utando uleule ukiukunja unapasuka. Dawa yake ni gliserini, ile ya duka la dawa. Kazi ipo kwenye kiasi.

Anza na wanga gramu 5, maji mililita 100 na gliserini gramu 1.5, yaani asilimia 30 ya uzito wa wanga. Tumia mizani, maana gliserini nyingi hubaki imeng'ang'ania kijiko. Chini ya asilimia 20 utando huvunjika. Ukipita 40 unanata, na gliserini hutoka juu. Changanya vikiwa baridi, kisha pasha huku ukikoroga polepole hadi nyuzi 80, ushikilie hapo dakika 10 hadi 15, mpaka weupe uishe na uji uwe mwangavu. Arusha maji huchemka karibu nyuzi 95 kwa ajili ya mwinuko, lakini hilo lisikusumbue: wanga wa muhogo huiva kwenye 60 hadi 70. Balaa ni mapovu. Kila povu linalokaukia ndani huacha tundu, na mpasuko huanzia hapohapo. Acha uji utulie ndipo umimine.

Sinia la sentimita 20 kwa 20, likilazwa sawasawa kwa pima maji ya fundi, hutoa unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Kausha kivulini. Jua la mchana la Moshi hukausha kingo kwanza. Zinajikunja na katikati bado kubichi.

Ule mtindo wa kukamulia ndimu au kutia siki siupendi. Asidi ikipikwa na wanga hukata minyororo. Asidi ya sitriki, ile ya ndimu, huiunganisha minyororo vizuri pale tu utando mkavu unapopata joto la zaidi ya nyuzi 100.

Maji nayo hulainisha, kwa hiyo utando wa masika hulegea na wa kiangazi hukakamaa. Ili ulinganishe kwa haki, funika vipande kwenye ndoo pamoja na kikombe cha maji yaliyojaa chumvi hadi nyingine ikabaki chini. Unyevu wa hewa humo hukaa karibu asilimia 75. Vizungushe kwenye penseli siku ya 1, ya 7 na ya 30, uone kama vinapasuka.

Viriba vya miche ya kahawa usivijaribu kwa utando huu. Ukimwagilia tu, unalegea na kuchanika.