Kilo zangu na mgongo wa farasi

Jioni hii, nikijiandaa kwa msimu wa mbio za farasi za masafa marefu, nimepanda mizani huku nimekumbatia tandiko. Mimi, tandiko na nguo ya chini yake, helmeti, chupa za maji zilizojaa: kilo 96. Farasi wangu, chotara wa Kiarabu, ana kilo 430. Piga hesabu, nimevuka asilimia 22 ya uzito wake, na mtu yeyote wa farasi atakuimbia kanuni ya asilimia 20, kwamba mzigo usizidi hapo, kabla hujamaliza kusema.

Kanuni yenyewe si ya kubeza. Mwaka 2008 watafiti wa Ohio, Marekani, walichapisha jaribio la farasi 8 waliobebeshwa asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao. Kwenye 15 na 20 hali haikuwa mbaya. Kwenye 25 na 30 misuli ilikaza na kuuma zaidi. Halafu kuna jambo ambalo waimbaji wa kanuni hulisahau: farasi wenye kiuno kipana na mfupa mnene chini ya goti waliumia kidogo kuliko wenzao. Asilimia haijui mfupa.

Tena hilo lilikuwa zoezi fupi. Mbio za masafa marefu ni habari nyingine kabisa. Tevis Cup ya California, iliyoanza 1955, ni kilomita 160 za milima na makorongo, na mshiriki ana saa 24 tu za kufika. Mtafiti Susan Garlinghouse na mwenzake waliwachunguza farasi zaidi ya 300 katika mbio za umbali huo, na matokeo waliyoyachapisha 1999 bado yanawakera wengi: uzito wa mpandaji haukuonyesha nani atamaliza, hata ulipolinganishwa na uzito wa farasi. Kilichoonyesha ni nyama iliyokuwa mwilini mwa farasi mwenyewe. Kwenye kipimo cha unene cha 1 hadi 9, waliokonda ndio walioishia njiani.

Naielewa sababu. Kwenye joto farasi anaweza kutoa jasho lita 10 na zaidi kwa saa, na chumvi zake zinaondoka nalo. Asiye na akiba mwilini hana pa kuchota. Hata hivyo sijidanganyi kwamba kilo zangu ni hewa. Nadhani mtu mzito anayethubutu kuingia mbio kama zile huwa tayari ameshachagua farasi mwenye mifupa ya kutosha, kwa hiyo mizani ya siku ya mbio inakuta mchujo umekwishafanyika.

Kwangu uzito huonekana kwenye miteremko. Hapo mzigo unahamia zaidi miguu ya mbele, na mpandaji aliyechoka huanza kuketi kama gunia. Nikishuka napitisha ncha za vidole kando ya uti wa mgongo, taratibu, kutoka mabegani hadi kiunoni. Kama ngozi inaruka au mgongo unazama chini ya vidole, nimeshapata jibu. Mara nyingi sehemu inayoruka ni upande wa kulia, nyuma ya tandiko, maana nikichoka naegemea huko. Mtu wa kilo 60 anayeketi upande anaweza kumwumiza farasi kuliko mimi nikikaa sawa.

Wamarekani, kwenye AERC, chama chao cha mbio hizi za masafa marefu, hugawa wapandaji kwa madaraja ya uzito, matandiko yakihesabiwa humo. Daraja la wazito linaanzia ratili 211, yaani kama kilo 96. Nikimwaga chupa moja ya maji nashuka daraja! (Nikiyanywa, sishuki.) Kwingine kuna uzito wa chini kabisa unaotakiwa, na wepesi hujazia kwa vipande vya madini ya risasi. Mzigo huo ndio nisioutamani. Risasi haiinuki kwenye vikuku vya tandiko wakati wa kupanda kilima, wala haishuki kukimbia kwa miguu.

Mimi naweza kushuka. Msimu huu miteremko mikali yote nitaitembea, na kabla ya kila kituo cha daktari wa farasi njiani nitatua mapema nimwongoze farasi kwa hatamu, ili mapigo ya moyo wake yawe yameanza kushuka kuelekea 64 kwa dakika tukifika. Tandiko nalo linakwenda kwa fundi. Upande wa kulia umebonyea. Farasi namwongezea chakula, aanze msimu na nyama kidogo mbavuni. Mimi chakula changu hakibadiliki.