Siku moja maishani mwangu: mkunga wa zamu ya asubuhi, Pemba

Saa moja na nusu asubuhi napokea zamu katika wodi ya wazazi, na hadi saa nne kazi ni ile ile: kupima presha, kusikiliza mapigo ya moyo wa watoto na kujaza partografu, chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu.

Saa nne na robo, njia ya mzazi wa kitanda cha dirishani imefunguka sentimita 10. Ni uzazi wake wa kwanza, mtoto namkadiria kukaribia kilo 4, na kisogo kimeelekea mgongoni mwa mama, hivyo kichwa kinapita kwa upana wake mkubwa. Kila moja kati ya hayo huongeza uwezekano wa msamba, sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, kuchanika vibaya, na akihitaji kuvutwa kwa vifaa hatari huzidi, hasa kwa koleo kuliko kwa vakyumu, kikombe cha kunyonya kichwa.

Mkwewe, mama wa makamo aliyeruhusiwa kumsindikiza, hataki kusikia habari ya kusubiri. "Sukuma mwanangu, usilegee, utamkaba mtoto!" Namwomba kwa adabu, "Mama, mwache apumzike, uchungu ukija atasukuma mwenyewe." Anajibu kwamba sisi wakunga wa skuli tunachelewesha watu, kisha anauliza kwa nini simwongezi njia kwa kumkata msamba, kama alivyofanyiwa yeye. Namweleza, huku mikono ikiwa kazini, kwamba tangu 2018 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haupendekezi kumkata kila mzazi, na kwamba mkato ulionyooka kuelekea nyuma unaweza kuendelea hadi kwenye msuli wa haja kubwa. Hakuridhika, wala sikuwa na nafasi ya kumridhisha.

Namlaza mzazi ubavu, naweka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwenye msamba, na pale ngozi inapong'aa na kuwa nyeupe mkono mmoja unazuia kichwa kisitoke kwa ghafla, mwingine unashikilia msamba. "Sasa usisukume, hema kwa mdomo." Mkwe anapiga kelele za kinyume chake. Watu humsifu mkunga mwepesi. Wepesi wa dakika hii ndio unaochana.

Mtoto ana kilo 3.9. Msamba umechanika daraja la pili, ngozi na misuli ya juu, na nikakagua kwa kidole nyuma kuhakikisha msuli wa haja kubwa ni mzima, kwa maana ungeguswa lingekuwa daraja la tatu, la kushonwa na daktari chumba cha upasuaji, na likipitwa bila kuonekana mama anaweza kushindwa kuzuia upepo au choo. Kushona kumenipinda mgongo. Adhana ya Adhuhuri nimeisikia nikiwa bado na sindano mkononi.

Kabla ya kutoka namnong'oneza mzazi asione haya kurudi akishindwa kujizuia, kwani wengi huficha miaka. Kwenye kadi naandika daraja la mchaniko kwa herufi kubwa, mkunga wa mimba ijayo alione.