Kipimanjia mmoja juu ya vyura wa Dunga

Nimempata! Usiku wa kuamkia jana, saa nane na dakika kumi na saba, mlio mmoja tu, mkavu: "tziiz". Haufiki hata nusu sekunde. Kwenye spektogramu, yaani picha ya sauti, unaonekana kama mkwaruzo wa ukucha, unaanza karibu kilohezi 7 (namba ikipanda, sauti ni nyembamba zaidi), unateremka hadi 5, kisha kimya. Kipimanjia, Anthus trivialis, ndege mdogo anayehama, amepita juu ya paa letu hapa Dunga, Kisumu, akirudi kaskazini kuzaa. Nimeusikiliza mara arobaini hivi na bado mwili unanisisimka.

Wiki tano nilikuwa sipati kitu ila vyura. Anayerekodi kando ya mafunjo anajua Aprili ilivyo: ndege wanarudi Ulaya na Siberia wakati huohuo masika yamewaamsha vyura wote. Hawa wadogo wa kwenye matete hulia karibu kilohezi 3. Nikasema basi, nakata kila kilicho chini ya 4, nibaki na anga safi. Wapi! Ukuta wa kelele ulikuwa palepale, safari hii kwenye kilohezi 6, njia hasa ya kipimanjia. Nikabadilisha kichujio, nikashuku nyenje, nikashuku popo. Usiku mmoja nilikaribia kuacha kabisa.

Kumbe tatizo lilikuwa kabla ya kompyuta. AudioMoth, kinasa sauti changu kidogo, nilikuwa nimeipandisha hadi ngazi ya mwisho ya ukuzaji wa sauti. Sauti ikizidi uwezo wa kinasa, vilele vya mawimbi hukatwa, na mkato huo huzaa sauti nyingine juu yake, mara mbili na mara tatu ya ile ya mwanzo. Chura wa kilohezi 3 anapata pacha wa kilohezi 6, na pacha huyo akishaingia kwenye faili, hatoki.

Nikashusha ukuzaji ngazi mbili. Kisha ndoo ya rangi, lita 20, ndani nimeizungushia sponji ya godoro, kinasa kimelala chini kikitazama juu, mdomo umefunikwa plastiki nyembamba ya kuzuia mvua. Wazo hilo lina wenyewe: Bill Evans wa Marekani, mtafiti wa milio ya ndege wanaohama usiku, alitumia chungu cha maua. Nimeipandisha kwenye mnara wa tangi la maji, mbali na mabati, maana tone moja juu ya bati linafunika kila kitu.

Mama mwenye ploti akaniona juu ya ngazi.

"Mwanangu, tangi linavuja?"

"Hapana, Mama. Nasikiliza ndege."

"Usiku?"

"Usiku ndio wanapita."

Akatazama juu kwa muda, halafu akaniambia nisiiache ngazi nje.

Programu za kutambua ndege zenyewe siziamini kwa kazi hii. Mlio mfupi namna hii unapotea ndani ya kipande cha sekunde 3, na moja iliniandikia bundi mahali palipopita bodaboda. Mimi ni Audacity, programu ya kawaida ya kuhariri sauti, vichwa vya kusikilizia na macho. Ukishaizoea spektogramu, rekodi ya dakika kumi unaipitia kwa dakika moja.

Nilipanga kuhesabu vipimanjia hadi Aprili iishe. Lakini jana nilifungua faili ileile bila kichujio, na dakika chache baada ya "tziiz" nikasikia "tyu-tyu-tyu", filimbi tatu zinazolingana, chini ya ile kilohezi 4 niliyokuwa nakata. Tringa nebularia! Yule wa miguu ya kijani tunayemwona mchana pale ufukweni. Kwa hiyo wiki tano nimekuwa nikiwatupa ndege wa ufukweni pamoja na vyura, na rekodi nyingi nimebaki na nakala zilizochujwa tu, za asili nilifuta ili kadi isijae. Hilo linaniuma sana.

Zimesalia za usiku tisa. Vyura wamejaa, lakini filimbi tatu zenye mpangilio jicho linaziona hata katikati yao. Hesabu ya vipimanjia isubiri. Nimeanza na usiku wa tarehe 28 Machi, niko saa tano na nusu, na tayari nina "tyu-tyu-tyu" mbili.